Kukata Pemba kwa baskeli: kutoka Mkoani hadi Ras Kigomasha

Pemba haina mlima. Kilima chake kirefu kabisa hakifiki hata mita 150, na mtu aliyezoea Usambara anaweza kucheka akiambiwa ajiandae. Acheke, halafu tuonane Chake Chake. Kutoka Mombo kwenda Lushoto unapanda kilomita 33 karibu mfululizo: mguu unashika mdundo wake, pumzi inatulia, na akili inajua kazi ni moja. Pemba haikupi mdundo. Unapanda mita mia nne za barabara, unateremka mia tatu, unavuka bonde la mpunga, unapanda tena, na kona inayofuata imeficha kilima kingine. Piga hesabu: vilima 30 vya mita 30 kila kimoja ni mita 900 za kupanda, na mlima hujauona.

Safari ninayoieleza hapa inakikata kisiwa kwa urefu: Mkoani, Chake Chake, Wete, Konde, Msitu wa Ngezi, hadi kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 67, lakini barabara zake hazikunyooka, kwa hiyo tayarisha miguu kwa kilomita 90 hadi 100 kwa siku tatu. Wapo wanaoweza kuimaliza kwa siku moja. Hao wanaiona lami tu.

Uliza upepo kabla ya kuuliza tarehe

Waendesha baskeli wengi hupanga safari kwa siku za likizo. Pemba panga kwa upepo. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia kama Aprili au Mei hadi Oktoba, na kaskazi hushika kuanzia Disemba hadi Machi. Ukianza Mkoani kwenda Konde wakati wa kusi, upepo unakusukuma mgongoni siku zote tatu. Ukienda hivyo hivyo Januari, kila kileleni utapigwa kifuani, na faida ya mteremko itapotea.

Kwa maoni yangu wakati mzuri kuliko wote ni Juni hadi Septemba. Masika imekwisha, kipupwe kimepooza jua, kusi iko nyuma yako, na kuanzia Julai mara nyingi uchumaji wa karafuu huwa umeanza, kwa hiyo nusu ya njia unaendesha ndani ya harufu yake. Januari na Februari pia panaendesheka, ila geuza safari: pakia baskeli kwenye gari hadi Konde, kisha shuka na kaskazi kuelekea Mkoani. Na uondoke alfajiri, maana jua la miezi hiyo halina masihara. Vuli, Oktoba hadi Disemba, ni bahati nasibu. Mvua inakuja, inakulowesha, inakwenda zake. Masika usijaribu. Udongo wa Pemba ni mwekundu na mzito. Ukitoka nje ya lami tu, unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo utaibeba baskeli badala ya yenyewe kukubeba wewe.

Tahadhari ya Ramadhani: mchana hutopata chai wala chakula barabarani, na kula hadharani ni kukosa adabu. Kama hufungi, beba chakula chako ukile faraghani. Kama unafunga, ahirisha safari.

Baskeli yenyewe

Huhitaji baskeli ya bei mbaya. Vijana wa Pemba wanapandisha vilima hivi kwa Phoenix ya gia moja yenye tenga la samaki kwenye keria. Lakini wamezaliwa navyo, na wewe labda umetoka Mjini Unguja ambako kilima chako ni daraja. Tafuta baskeli yenye gia, na uhakikishe gia nyepesi kabisa inaingia bila mnyororo kuruka.

Ukiwa na gia moja tu, nenda kwa fundi akubadilishie friwili, yaani sproketi ya gurudumu la nyuma. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 44 na ya nyuma 18, kila ukizungusha pedeli mara moja gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu. Hiyo ni nzuri kwa njia tambarare ya Makunduchi. Weka friwili ya meno 22: sasa gurudumu linazunguka mara mbili kamili, na kilima kilichokushusha ukisukume kinaendesheka ukiwa umekaa. Utapoteza mwendo kwenye tambarare, lakini Pemba tambarare yenyewe iko wapi? Mwambie fundi aupime mnyororo baada ya kubadilisha, maana huenda ukahitaji kipande cha ziada.

Breki ndiyo habari kubwa. Mteremko wa Pemba ni mfupi, lakini mara nyingi unaishia kwenye kona au kwenye kidaraja cha bondeni, na kwenye kona ndipo ng'ombe alipo. Kagua raba za breki: zikiwa zimebaki kama unene wa sarafu mbili, badilisha kabla ya kupanda boti. Kagua waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Ukiona uzi mmoja umekatika, wote umekwisha. Kisha fanya jaribio hili: simama kando ya baskeli, bana breki ya mbele kwa nguvu na uisukume mbele. Gurudumu la nyuma likinyanyuka, breki inashika. Rudia kwa ya nyuma: likiburura bila kuzunguka, uko salama. Kama raba inapita kwenye rimu inalia tu, usiondoke.

Tairi zisiwe na kipara, na usijaze upepo mpaka ziwe kama jiwe. Bonyeza kwa kidole gumba: izame kidogo sana. Tairi ngumu mno inakurusha kwenye kila shimo na inateleza kwenye majani mabichi.

Mizigo ifunge chini, kwenye keria, kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Hakuna kamba ya dukani inayoishinda. Begi la mgongoni liache nyumbani. Kwenye kilima cha kumi mgongo utakuwa umelowa, na bega litakuwa linauma kuliko paja. Chukua tyubu moja nzima, viraka, gundi, msasa, vibano viwili vya kutolea tairi, pampu, spana inayoingia nati za magurudumu, taa, kengele na kofia ngumu. Maji: chupa mbili za lita moja na nusu. Na pakiti chache za chumvi za kuongeza maji mwilini, zile wanazopewa wenye kuharisha. Duka la dawa lolote linazo.

Kama nyumbani ni Unguja, jaribu kila kitu Masingini kwanza. Panda, shuka, panda, shuka, asubuhi nzima, baskeli ikiwa na mzigo wake. Kitakacholegea, kilegee huko.

Botini

Boti za Unguja hushusha abiria Mkoani, lakini si zote zinakwenda kila siku, kwa hiyo ulizia siku na saa mapema. Baskeli hulipiwa kama mzigo. Patana na hamali kabla hajaishika, na mwambie ailaze juu ya mizigo mingine, mnyororo ukitazama juu. Toa pampu, taa na chochote kinachochomoka. Mkondo wa Pemba wakati wa kusi huchafuka, na tumbo lililojaa haliupendi: kula kidogo, kaa katikati ya chombo. Ukishuka, futa mnyororo kwa kitambaa na utie tone la mafuta. Maji ya chumvi huanza kazi yake siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza: Mkoani hadi Chake Chake, kama kilomita 30

Mkoani hakuna kupasha misuli. Bandari iko chini, mji uko juu, na barabara inakupandisha dakika ile ile uliyoshuka. Usione haya kusukuma baskeli mpaka juu. Misuli baridi ikivutwa hapa itakudai siku tatu.

Kupanda kuna namna yake. Punguza gia *kabla* ya kilima kuanza, wakati mnyororo bado mwepesi. Ukingoja mpaka umekwama, mnyororo utaruka au utakatika. Kaa kwenye siti, usisimame. Zungusha haraka na kwa wepesi, macho yakiwa mita kumi mbele, si kileleni. Ukisikia huwezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, umekwenda mbio mno. Simama kwa kilima kirefu tu, na kwa mizunguko michache, ili kupumzisha makalio.

Kuteremka ndiko kunakoumiza watu. Punguza mwendo kabla ya kona, baskeli ikiwa imenyooka, kisha achia breki ukiwa ndani ya kona. Anayebana breki ya mbele katikati ya kona yenye mchanga huangukia bega. Kwenye mteremko mrefu usishike breki moja kwa moja. Bana, achia, bana, achia, nyuma na mbele kwa kupokezana, rimu zipate kupoa. Pedeli ya upande wa ndani ya kona iwe juu. Na piga kengele kabla hujaona kitu. Magari ya shamba yanakuja yamejaa mpaka nyuma, dereva naye ameizoea kona hiyo tangu utotoni na hategemei kukukuta.

Ng'ombe wa Pemba huchungwa kwa kufungwa. Ng'ombe utamwona, amesimama kwenye majani kushoto. Kamba huioni. Imelala barabarani, imefungwa kwenye mnazi wa kulia, na ng'ombe akishtuka inanyanyuka mpaka kwenye kifua cha mwendesha baskeli. Ukiona ng'ombe peke yake kando ya njia, tafuta kamba kabla ya kumtazama yeye.

Mtambile ni kituo kizuri cha kupumzika, penye njia panda ya kwenda Kengeja. Kunywa chai, kula muhogo au chapati, jaza chupa. Sheria ya maji ni kunywa kabla ya kiu: mafunda matatu au manne kila robo saa, na kwa kila chupa mbili za maji, moja itiwe chumvi ile ya pakiti. Dafu ni zuri, lakini moja, si matatu mfululizo. Tumbo litakukumbusha kwenye mwinuko unaofuata.

Ukiingia Chake Chake miguu ingali na nguvu, kesho yake asubuhi, kabla ya kushika njia ya Wete, nenda Pujini, kusini mashariki ya mji, kama kilomita 10. Ni magofu ya ngome ya karne ya 15 inayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye simulizi zinasema alikuwa katili. Ziko pia simulizi za kisima chake, kwamba kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wateke maji bila kuonana. Barabara ya kwenda huko ni tulivu kuliko ile kuu, na kwa mtu wa baskeli huo peke yake ni ushindi.

Siku ya pili: Chake Chake hadi Wete, kama kilomita 30

Hapa unachagua. Iko barabara ya upande wa mashariki, inayopitia Ole, pana zaidi, ndefu zaidi, yenye gari nyingi. Iko na ya zamani, ya magharibi, fupi kwa ramani na ndefu kwa mapaja, kona juu ya kona. Chukua ya zamani. Ndiyo iliyokuleta. Magharibi ya Pemba ndiko kwenye udongo mzito na vilima vya mikarafuu. Mashariki ardhi inalainika mpaka inafika kwenye uwanda wa mawe, kule Micheweni, ambako unaendesha kwa raha lakini macho hayana pa kushika.

Mikarafuu hii ina hesabu yake. Karafuu zilianza kutawala Unguja, mpaka kimbunga cha mwaka 1872 kilipong'oa sehemu kubwa ya mashamba ya kule. Pemba ilinusurika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka huku. Ndiyo maana ukiwa juu ya kilima unaona vichwa vya mikarafuu vimepangana kwa mistari, na chini yake, bondeni, mpunga. Mtu aliyeijaza nchi hii miti hakuwa na nia ya kumfurahisha mwendesha baskeli, lakini kivuli ni kile kile.

Msimu wa mavuno, karafuu huanikwa juu ya majamvi, na majamvi huwekwa popote palipo pakavu na pana jua, hata ukingoni mwa lami. Usikanyage jamvi hata kwa ukingo wa tairi. Ile ni ada ya skuli na mahari. Likikuzibia njia, shuka, toa salamu, pita kwa miguu. Na usinunue karafuu kwa mtu njiani ukaziweka kwenye begi. Karafuu ghafi hununuliwa na shirika la biashara la serikali, ZSTC, na magendo ya karafuu ni kosa. Ukishikwa nazo bandarini, kuwa ni za chai ya nyumbani hakutakusaidia sana.

Salamu usizibanie. Mwenye baskeli hayuko nyuma ya kioo. "Sabalkheri" asubuhi, "masalkheri" jioni, "shikamoo" kwa kila mwenye mvi hata kama unatweta. Mavazi yafunike magoti, kwa mume na mke. Suruali nyepesi inatosha, na inakinga jua. Ijumaa kuanzia kama saa sita mchana tua mahali, kwa sababu watu wanakwenda msikitini na barabara ni yao.

Kidike, kati ya miji hii miwili, ndiko wanakolala popo wa Pemba, jamii isiyopatikana mahali pengine duniani. Waliwindwa kwa kitoweo mpaka wakakaribia kwisha, kisha wanavijiji wakashika ulinzi. Njia inachepuka kutoka barabarani. Ulizia tu "kwa popo". Nenda alasiri, wanapoanza kujinyoosha na kugombana mitini. Wana mbawa za rangi nyeusi na manyoya mekundu, wakubwa hasa. Ukitarajia vipopo vya darini utashangaa.

Pancha ikikupata leo, na miiba ya ndimu ipo, fanya hivi. Pindua baskeli isimame kwa siti na usukani. Fungua nati, toa gurudumu, toa upepo wote. Ingiza kibano cha kwanza chini ya ukingo wa tairi, kilaze, ukifunge kwenye spoku. Cha pili sogea nacho kiganja kimoja mbele, na upande mzima utafunguka. Vuta tyubu nje, ijaze, ipitishe karibu na mdomo: ngozi ya mdomo husikia upepo mwembamba ambao sikio halisikii. Weka alama. Sasa usikimbilie kiraka. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi, penye alama, mpaka uukute mwiba. Mafundi wa haraka huuacha, na baada ya kilomita moja unarudi kwenye pancha ile ile. Piga msasa, paka gundi nyembamba, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na ukandamize. Rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje, na upande wa mwisho wa tairi uuingize kwa viganja, si kwa chuma.

Siku ya tatu: Wete, Konde, Ngezi, Kigomasha

Toka Wete alfajiri. Konde iko kama kilomita 15, na ndiyo sehemu ya mwisho ya kununua kwa uhakika: maji, ndizi, maandazi, na tyubu kama ya akiba umeitumia. Mwenye muda anaweza kwenda Tumbe, kwenye soko la samaki na magofu ya Chwaka, ambako panaonyeshwa kaburi la Haruni, anayetajwa kuwa wa ukoo wa Mkama Ndume. Mimi ningeihifadhi nguvu.

Kilomita chache baada ya Konde unafika kwenye lango la Msitu wa Ngezi. Pana kiingilio, lipa, chukua risiti, na uulize hali ya njia. Haya ni mabaki ya msitu wa asili uliowahi kukifunika kisiwa, na badiliko lake unalihisi kwenye ngozi kwanza: hewa inapoa ghafla, jua linakatika, mivule inafunga juu. Hapa punguza mwendo hata kama njia inaruhusu. Majani yaliyolowa yanateleza kama sabuni, na macho yaliyotoka kwenye jua kali huchukua muda kuona shimo kivulini. Vua miwani ya jua kabla ya kuingia. Simama mara moja, kimya, usikilize. Ninga wa Pemba yumo humu, na mpapindi, mnazi-mwitu usioota kwengine, nao umo. Bundi wa Pemba anataka usiku na mwongozaji, kwa hiyo huyo si wa safari hii.

Ukitoka msituni, mchanga. Upande wa kulia njia inakwenda Vumawimbi, pwani ndefu nyeupe. Mchangani toa upepo kidogo kwenye tairi, shika gia nyepesi, uzito rudisha nyuma, usukani usiukabe. Gurudumu la mbele liache litafute njia lenyewe. Likizama, shuka mara moja. Ukimaliza, jaza upepo tena kabla ya kurudi kwenye njia ngumu, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe la kwanza.

Ras Kigomasha kuna mnara wa taa wa chuma, umesimama tangu mwaka 1900. Kama mwangalizi yupo, omba ruhusa kwa adabu ya kupanda; ngazi ni nyingi na miguu yako wakati huo haitazipenda.

Kurudi kunataka hesabu ya saa. Magari ya kutoka Konde hupungua jioni, kwa hiyo uwe umeshalipita lango la Ngezi kufikia saa tisa alasiri. Baskeli hupanda juu ya gari: patana nauli yake na utingo kabla haijafungwa, geuza usukani ulale sambamba na fremu, vua siti uishike mkononi, na uangalie mwenyewe kamba isipite juu ya waya wa breki. Hakikisha pia haikuwekwa chini ya magunia, kwa sababu kati ya Konde na Chake Chake kuna magunia mengine yatapakiwa.